Shati Lililooshwa Mara Saba

"Mtu akivaa shati hili, mimi nimejua nini juu yake?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa siku yangu ya kwanza kazini. Aliyeuliza alikuwa Komandanti wa eneo letu, mtu mfupi aliyependa kuuliza huku akifanya jambo jingine. Siku hiyo alikuwa anamenya muhogo. Shati lilikuwa mikononi mwangu, limechapwa jembe na kasia vilivyopishana, alama ya upande wetu wa pwani. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, Dar es Salaam, nimesoma historia, na nilizoea kuwa mimi ndiye muulizaji. Nikajibu maneno marefu kuhusu umoja. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Umenieleza juu ya shati," akasema. "Mimi nimeuliza juu ya mtu."

Sasa nimestaafu, na ninyi mnaobaki karakanani mmeniomba niandike jinsi kazi hii ilivyokuwa. Ninyi mnachapa fulana kwenye harusi na mechi, mteja yuko pembeni na simu mkononi, na wino unakaushwa kwa mashine. Sisi tulianza kuchapa mbele ya watu wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, ndani ya mikorosho kati ya Mocímboa da Praia na Palma. Mteja wetu alisubiri kifua wazi, kwa sababu shati tulilokuwa tunachapa ndilo pekee alilokuja nalo.

Mimi ni mzaliwa wa Mocímboa, lakini mama alinivusha Ruvuma nikiwa mdogo na nikasomea ng'ambo. Niliporudi nilidhani nitaandika gazeti. Hapakuwa na mashine ya gazeti, wala karatasi, na kwa kweli wala wasomaji wengi. Kilichokuwepo ni fremu moja ya mbao na fundi wake, Mestre Faustino.

Mestre alikuwa Mmakonde wa bara, amelelewa misheni, na kazi alijifunza Tanga katika karakana iliyochapa magunia. Hakuwa na nyusi, na sababu yake nitaifikia. Aliniangalia mikono, akaniuliza akiniita kwa jina la Kireno la mwanamke msomi, "Dotora, unajua kukuna nazi?"

"Najua."

"Basi unajua kuvuta rodo."

Haikuwa kweli. Rodo ni ule mpira uliopachikwa kwenye ubao, unaosukuma wino upite kwenye kitambaa cha fremu. Mwenye kukuna nazi huegemea mkono mmoja. Rodo linataka mikono miwili yenye uzito sawa, tena kwa mvuto mmoja bila kusita katikati. Ukisita, jembe linapata mpini wa pili. Nilichapa majembe mengi yenye mipini miwili kabla mestre hajakubali kwamba mfano wake wa nazi ulikuwa mbaya, na hata hivyo alisema ubaya ulikuwa wa nazi za Dar es Salaam.

Zana zetu zilikuwa hizi. Mpira wa rodo ulitokana na soli ya kiatu. Kitambaa cha fremu kilikuwa shela la bibi harusi, maana hakuna kitambaa kingine madukani chenye matundu madogo na sawasawa kama hicho, na mwenye duka kule Lindi alishamzoea mestre na kumwuliza kila mara anaoa wangapi. Umbo la jembe na kasia tulilikata kwa wembe kwenye karatasi iliyopakwa nta ya nyuki. Wino ulikuwa masizi ya sufuria, mafuta ya kitani yaliyobebwa vichwani kutoka ng'ambo, na sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini kwetu na ambao babu zetu waliwauzia wafanyabiashara. Sandarusi inasagwa, kisha inapikwa ndani ya mafuta mpaka iyeyuke. Inawaka moto haraka sana. Nyusi za mestre ziliishia hapo.

Niliuliza kwa nini tusitumie mafuta ya nazi, tuliyokuwa nayo tele. Mestre akaniambia nijaribu. Mafuta ya nazi hayakauki. Watu walinuka wali wiki nzima, na jembe likahamia kifuani mwa kila aliyekumbatiwa na mvaaji.

Jambo moja la kazi ile hamjawahi kuliona. Wengi waliokuja kwenye mikutano yetu walitoka vijiji ambavyo Wareno walikuwa wamevizungushia seng'enge, na jioni ilibidi warudi humo. Kukutwa na alama yetu mwilini kulikuwa kufungwa, au zaidi. Hao tuliwachapia upande wa ndani, wino mzito na mchache ili usipenye. Mkutanoni walivaa shati limegeuzwa, mishono nje, na wakati wa kurudi waligeuza tena. Nilimwuliza mestre alama ya kufichwa ina faida gani.

"Na nguo ya ndani, dotora, unaivaa ili nani aione?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini si la kumpa mtu wa umri wake.

Sasa niseme juu ya siku ya kufungua shule. Tulikuwa tumejenga shule ya makuti, na Komandanti alitaka sherehe yenye ngoma, ubwabwa na mashati. Mafuta ya kitani hayakuwa yamefika. Mto ulikuwa umejaa na wapagazi wamekwama ng'ambo. Asubuhi mestre alitoweka na sufuria, akarudi na wino laini kama tui zito. Wino haukuwahi kupita vizuri vile kwenye shela.

"Umetumia mafuta gani?" nikamwuliza.

"Yaliyopatikana."

Mstari ulikuwa mrefu tayari, na fremu ilikuwa inaningoja. Tukaanza.

Wanaume walivua mashati wakasimama juani, wakataniana. Watu wa pwani na watu wa bara hawakuwahi kukosa la kuambizana. Mmoja mwenye kitambi alikataa kuvua, akataka achapwe akiwa amelivaa. "Mestre, usikubali," akapaza sauti aliyekuwa nyuma yake. "Jembe likipanda mlima ule litashuka koleo!" Wanawake hawakuvua kitu, bila shaka. Walileta leso zao za akiba, au mashati ya waume zao waliosema wana kazi.

Katikati ya mstari alikuwa Bi Mwanaisha. Nilimjua kwa sura. Aliishi ndani ya seng'enge, na Wareno walikuwa wamempa ruhusa ya kutoka kwenda kwenye majaruba ya chumvi, maana chumvi yenyewe ilikwenda jikoni kwao. Kabla ya vita alikuwa akiwafundisha wasichana Kurani. Alikuwa ameshika shati la kiume, jeupe, la kitambaa kizuri, vifungo vyote vimo.

Nikaligeuza nje ndani, kama ilivyo desturi kwa waliotoka kijijini kwake.

"Sivyo, mwanangu," akasema. "Nje. Kifuani. Na wino usiufanyie uchoyo."

"Bi Mwanaisha, utalipitishaje langoni?"

"Litapita chini ya chumvi. La kuingia si tatizo. Tatizo ni la kutoka."

Akaeleza bila kunong'ona, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa jirani. Mwanawe, Sefu, alichukuliwa na Wareno kuwa sipai, askari mweusi wa posto, kituo chao cha utawala. Hakuulizwa kama anataka. Wiki iliyofuata yeye na wenzake wangehamishiwa bara, na huko hangekuwa na njia ya kutoroka. Alitaka kutoka sasa, kwa njia ya majaruba, asubuhi na mapema, aje upande wetu. Lakini njia ile ilikuwa na walinzi wetu, na walinzi wetu walikuwa wameshampiga risasi mtu aliyetokea huko mikono juu, kwa sababu kabla yake mwingine alikuja mikono juu na bomu la mkono kiunoni. Mikono juu haikutosha tena. Sefu alihitaji kitu ambacho mlinzi angekiona kwa mbali.

Nikasema hapana. Si kwa ukali, nilitoa hoja. Tukimchapia sipai mmoja leo, Wareno watalitazama shati, watachapa kumi, na watatuletea sipai kumi. Tulikuwa tunachapa shati la yeyote aliyesimama kwenye mstari. Hatukuwa tumemhoji hata mmoja. Bi Mwanaisha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwangalia mestre, kama mtu anayesubiri mtoto amalize kusoma risala ili watu wazima waendelee.

Mestre akaenda kumwita Komandanti. Komandanti alikuja na sahani yake ya ubwabwa, akasikiliza pande mbili akila.

"Dotora anasema kweli," akasema. "Shati si ushahidi. Lakini mlinzi hahitaji ushahidi, anahitaji amri ya kufuata. Nitawaambia wote: anayetokea majaruba akiwa na jembe na kasia kifuani, msimpige, mleteni."

"Na akiwa mwongo?" nikauliza.

"Basi tutakuwa na mwongo aliye hai. Maiti hazijibu maswali, na wewe unayapenda."

Mestre akalichapa yeye mwenyewe. Lilikuwa jembe zuri kuliko yote ya siku ile, jeusi, kingo zimekatika kama kwa kisu. Bi Mwanaisha akalitandaza juu ya kichaka likauke, akaketi karibu nalo.

Ndipo alipotokea Kazimiro.

Kazimiro alikuwa mmoja wa walinzi wa njia ile ile ya majaruba, kijana wa bara, mtegaji wa wanyama, mwenye mdomo usiopumzika. Alikuja na paja la nguruwe pori begani, akauona mstari wa watu wa pwani wakipepea mashati yao, na utani ukamzidi nguvu.

"Jamani, watu wa Mtume! Miaka yote mnamkimbia nguruwe wangu, na leo mmemvaa!"

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyeelewa. Akaeleza. Mafuta ya wino yalikuwa ya mnyama wake. Mestre alikuja kwake alfajiri na sufuria, na yeye akampa. Alieleza akicheka, na kadiri alivyoeleza kicheko kilimpungua, mpaka neno la mwisho likatoka peke yake.

Mwenye kitambi alivua shati lake kana kwamba limeingia siafu. Wengine walitupa yao chini, wakakumbuka kwamba ndiyo waliyo nayo, wakayaokota kwa ncha za vidole. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama hivi ndivyo nchi itakavyokuwa. Swali hilo nililiona zuri, lakini halikuwa la kujibiwa pale.

"Ni mafuta tu," mestre akasema. "Nimeyapika na sandarusi mpaka yamesahau yalikotoka!"

"Wewe uliyeyapika hukusahau," mzee akamjibu. "Kwa nini hukusema?"

Mestre akaitazama sufuria yake. Ninaamini hakukusudia baya. Aliishi miaka mingi na Waislamu Tanga na alijua hawali nguruwe. Kwamba hawamvai pia halikuwahi kumjia, kwa sababu magunia hayasali.

Aliyeituliza hali ni Bi Mwanaisha. Alisimama, akasema kama aliyekuwa darasani. "Najisi hiyo inatolewa. Maji mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Baada ya hapo nguo ni safi na mtu anasali nayo. Hakuna haja ya kupigiana kelele." Watu wakapata cha kufanya, na hilo lilisaidia kuliko hotuba ya Komandanti iliyofuata.

Wakashuka wote kijitoni. Sikuwahi kuona ufuaji wa namna ile, mstari uleule wa kuchapiwa sasa umekuwa mstari wa kuondoa tulichochapa. Ufuaji wa maji matupu wino uliuvumilia. Ule wa udongo ulikuwa mwisho wake. Udongo unapenda mafuta, na masizi yanayafuata mafuta. Mestre alisimama ukingoni akitazama kazi yake ikiteremka kuelekea mikokoni. Kazimiro alikaa mbali, ameweka paja lake chini, hana anayemkaribia, si kwa sababu ya paja bali ya mdomo wake.

Bi Mwanaisha alikuwa ameshika shati la Sefu, bado halijaguswa na maji. Nikaenda kuketi naye.

"Hilo usilifue," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Alama itatoka. Mafuta mengine hayatafika kabla Sefu hajahamishwa. Lichukue kama lilivyo, alivae mwendo mmoja tu, akifika tutalifua hata mara sabini."

"Na asipofika?"

"Atafika, ndiyo kazi ya alama."

"Umesoma, mwanangu. Hebu niambie kwa elimu yako. Mwanangu akilivaa hili lilivyo, una hakika hatapigwa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Palikuwa na sababu zote za kusema ndiyo. Lakini saa moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimetoa hoja mbele ya Komandanti kwamba shati halithibitishi kitu, na nilikuwa naziamini hoja zangu.

"Sina hakika," nikasema.

"Mimi nina hakika na moja. Akipigwa nalo, atakufa na najisi mwilini, na mimi ndiye niliyemvika." Akalitia majini. "Likioshwa, ana nusu ya bahati na uso wa kukutana na Mola wake. Lisipooshwa, ana bahati nusu na robo, labda. Hiyo robo wewe mwenyewe huijui."

Akaliosha mwenyewe, moja moja, bila kuharakisha. Ilipofika mara ya udongo, akausugua kifuani kama kwenye nguo nyingine yoyote. Mestre alikuja akapiga magoti upande wa pili wa kijito. "Mama," akasema, "nipe siku mbili, nitatafuta mafuta ya kitani hata kwa kuogelea."

"Siku mbili sinazo, mwanangu, sitapata njia ya kuja huku tena kabla hajahamishwa. Lakini ahsante."

Alilikamua, akalikunja likiwa bichi, akaliweka chini ya chumvi, akarudi kijijini kwake kabla lango halijafungwa.

Siku zile nilichapa kidogo na niliongea kidogo zaidi. Tulimwomba Komandanti abadili amri, awaambie walinzi wamwache kila mwenye shati jeupe. Alikataa. Mashati meupe yalikuwa mengi mno, na Wareno walikuwa nayo pia. Mestre alitengeneza nyusi kwa masizi ili kuwachekesha watoto wa shule, na watoto wakakataa kuguswa naye kabla ya kuuliza masizi hayo yamechanganywa na nini.

Sefu alitoka asubuhi moja, jua limeshapanda kidogo juu ya majaruba. Mlinzi aliyekuwa zamu alikuwa Kazimiro. Alimwona akitokea kwenye matuta ya chumvi, mikono juu, shati jeupe. Alimwelekezea bunduki, akamwacha akaribie mpaka hatua chache, akamwamuru alale chini, akamfunga mikono, akamleta. Nilikuwepo alipofika. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye masikio makubwa, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba anaomba maji.

Nikaliomba lile shati. Nikalinyoosha juani. Penye jembe palikuwa na kivuli cha rangi ya uji, na kasia haikuwepo kabisa. Kwa umbali wa mkono ulikuwa unaona doa. Kwa umbali wa tuta la chumvi ulikuwa unaona shati.

"Kazimiro, uliona nini?"

"Niliona alama."

"Alama gani? Onyesha."

"Wewe dotora ulitaka nimpige?"

"Nataka kujua uliona nini."

"Nimekwambia. Niliona alama." Akaondoka, na huyo alikuwa mtu ambaye kwa kawaida hukumwona akiondoka kabla hujamwomba aondoke.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mestre alishikilia kwamba sandarusi hung'aa jua la asubuhi likiipiga kwa pembeni, tulijaribu, haing'ai. Komandanti alisema ni nidhamu ya walinzi. Bi Mwanaisha, tulipompelekea habari kwa njia ya chumvi, alileta jibu fupi: alikuwa amesali. Wareno walimhoji siku kadhaa, wakamnyang'anya ruhusa ya chumvi, wakamwachia. Baadaye naye alitoroka na akawa ndiye anayeonja, namaanisha anayenusa, kila sufuria ya wino kabla hatujaanza. Hiyo ndiyo asili ya desturi ya karakana yetu ya kufungua kopo mbele ya mteja na kutaja kilichomo. Wengine wenu mlidhani ni matangazo.

Mashati yetu yalipendwa kupita kiasi baada ya hapo. Watu walikuja kutoka mbali kuchapiwa alama iliyomwokoa mtoto wa Bi Mwanaisha, wakiwa wameambiwa na waliojua kabisa kwamba alama haikuwepo. Nilichapa. Kila nilipouliza, niliambiwa niache kuharibu jambo zuri. Sefu mwenyewe alijifunza rodo kwa mestre na akawa na mkono mzuri kunizidi; wengine wenu mmefundishwa naye, na mnajua hakupenda kulizungumza.

Vita vilikwisha. Mestre Faustino alikufa kwao bara, nyusi zake hazikurudi. Nilichapa kwenye mikutano, kampeni, chanjo, mechi na maziko, kwa wino wa makopo ulioandikwa kila kitu kilichomo kwa herufi ambazo hakuna anayezisoma. Yaliyofuata mnayajua.

Kazimiro nilikutana naye tena Palma, kwenye harusi ya mjukuu wa Sefu, ambako tulikuwa tumeitwa kuchapa fulana za wageni. Alikuwa mzee, kipofu wa jicho moja, bado anaongea. Sikumwuliza kitu, nilikuwa nimekwisha kuchoka na lile swali. Alikaa karibu na meza yangu, akagusa fulana iliyokuwa inakauka, akasema wiki ile aliyotoroka Sefu walinzi wote wa njia ya majaruba walikuwa wamenyang'anywa risasi zao, zikapelekwa bara kwa mapigano, nao wakaamriwa waendelee kusimama pale na bunduki tupu na wasimwambie mtu yeyote.